Hewa ya Chumba Changu

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu wa Likoni wanaowahi feri asubuhi nawajua kwa sauti za viatu vyao, nikiwa kitandani. Riziki yangu hunifuata yenyewe: natengeneza feni na pasi, na mwenye feni iliyokufa hubisha hodi, tukapatana, akaenda zake. Kutoka nitoke niende wapi? Dirisha la chumbani nalo sikuwa na haja nalo. Vumbi la njiani linaingia, mbu wanaingia, na maneno ya majirani yanaingia kuliko vyote. Basi nililikomea, nikakaa mle ndani kama tende kwenye pakiti yake.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa, yeye hatulii. Alisoma fizikia chuo kikuu, akamaliza, tukampikia pilau tukidhani ndiyo basi. Kumbe! Akarudi kusomea shahada ya pili, mara hii fizikia ya nyuklia. Mimi niliishia kidato cha nne, na fizikia yangu yote imo ndani ya pasi. Nilimwuliza kama anakwenda kutengeneza bomu.

"Bomu la nini, Mjomba? Wewe ukitumwa sokoni tu unazirai."

Ndivyo tulivyokuwa, tukitaniana tangu hajaota meno.

Utafiti wake alinieleza mara mbili, ya pili polepole. Ardhini mna chembechembe za urani kila mahali, hata chini ya msikiti. Zinaoza taratibu na kutoa gesi iitwayo radoni, haina rangi wala harufu. Gesi hiyo hupenya kwenye nyufa za sakafu ikaingia vyumbani, na mtu akiivuta kwa miaka mingi si nzuri kwa mapafu. Alitaka kujua nyumba zetu za mawe ya matumbawe zina kiasi gani. Nilitazamia mashine yenye taa nyekundu. Akaja na vikombe vya plastiki, kila kimoja kina kipande angavu ndani, kadiri ya ukucha. Kikombe kinaning'inizwa chumbani miezi kadhaa. Gesi inakitia makovu kile kipande, naye baadaye anakiosha kwa dawa na kuyahesabu makovu kwa hadubini.

Nyumba nyingi za mtaa zilipata vikombe, na yangu haikuachwa. Alikuja baada ya magharibi, saa ambayo kila mtu amefunga dirisha kwa ajili ya mbu, akafuatana na mama yake. Nyumbani kwa dada yangu, Kisauni, swala ya alfajiri ikishaswaliwa tu, milango na madirisha yote huwa wazi ili riziki ipate pa kuingilia. Kwake yeye, nyumba iliyofungwa jua limeshapanda ni ya mgonjwa au ya mvivu, na mimi siumwi. Tangu mama yetu afariki, yeye ndiye mama.

Mpwa wangu akapanda kiti, akafunga kikombe kwenye boriti, huku akiniuliza maswali na kuyaandika kwenye simu. Sakafu ina nyufa? Inazo. Nalala humu kila siku? Nilale wapi tena?

"Na dirisha, Mjomba, unalifungua saa ngapi?"

Dada yangu alikuwa akinitazama.

"Alfajiri," nikasema. "Nikishaswali. Mpaka magharibi."

"Mashallah," akasema dada. "Na mimi siku zote nakusengenya bure!"

Ile mashallah ilinichoma, lakini si kiasi cha kunifanya nifungue mdomo.

Miezi ikapita, vikombe vikachukuliwa. Siku moja mpwa wangu akanipigia.

"Mjomba, umefukia nini chini ya kitanda?"

Chumba changu kilikuwa kimezidi vyumba vyote kwa gesi, cha jirani ninayepakana naye ukuta kwa mbali kabisa. Nitaficha nini? Nilijiona. Kwa mara ya kwanza nimeongoza katika jambo la masomo. Kila mteja aliyeleta feni nilimwambia kuwa nyumba yangu ina urani, ajihadhari. Mtaa ukanipa jina la Bwana Nyuklia, nikaitika.

Mpwa wangu, yeye, hakuwa akicheza. Alichukua udongo wa kwangu na wa kwa jirani, akaupima maabara. Udongo ni uleule. Mawe yaleyale, bati lilelile, na dirisha, kwa kauli yangu, wazi mchana kutwa. Akaumiza kichwa wiki nzima, mwisho akaandika kwamba huenda chini ya nyumba yangu mna ufa mrefu wa mwamba unaopandisha gesi kutoka mbali. Akaandika sura nzima juu ya ufa huo. Mwalimu wake akasema kabla haujafika mbele ya watahini, lazima auone mahali penyewe.

Wallahi sikujua dirisha lina uzito kiasi hicho. Nusu ya kiapo hicho ni kweli.

Mpwa wangu aliniambia watakuja na mwalimu baada ya alasiri. Safari ya mwalimu ikabadilika, wakaja asubuhi, jua limeshawaka. Nilisikia hodi nikadhani naota. Kisha nikamsikia mama jirani, anayeuza mahamri barazani kwake:

"Gongeni kwa nguvu! Huyo kwake bado usiku."

Nikatoka na kikoi, jicho moja limefumba. Mwalimu, mtu wa bara, mpole, alinisalimu kwa heshima ambayo sikustahili. Wakaingia chumbani. Ikabidi mwalimu awashe taa ya simu ili aone pa kukanyaga. Akaliendea dirisha moja kwa moja, akalivuta komeo. Halikutikisika. Nyigu walikuwa wamelijengea nyumba ya udongo juu yake, kizazi juu ya kizazi.

Mama jirani alishafika mlangoni na sahani yake. "Hilo, mwalimu? Mimi nimeolewa hapa pembeni, nimezaa, nimeozesha. Sijaliona wazi hata siku moja."

Mwalimu akamgeukia mpwa wangu. "Uliandika linafunguliwa kila siku."

"Ndivyo nilivyoandika," akasema. Hakusema aliambiwa na nani. Uso wake ulikuwa umemwiva kwa aibu.

Nikajaribu mzaha, nikasema hao nyigu ni wapangaji. Hakucheka mtu, hata mama jirani, ambaye huchekea mazishini.

"Hakuna ufa," mwalimu akasema taratibu. "Ni hewa iliyolala, gesi imekosa pa kutokea. Ile sura iondoe, urudie kipimo." Maana yake wenzake mpwa wangu wangemaliza mwaka huu, naye angebaki kuwapigia makofi.

Mwalimu alipotoka kupiga simu, mpwa wangu akaniuliza, "Kwa nini, Mjomba?"

"Mama yako alikuwepo."

"Na mimi sikuwepo?"

 Akatoa kikombe kipya mkobani, akakifunga palepale kwenye boriti. Nikamwambia naleta nyundo sasa hivi, nalifungua, nitakuwa nalifungua kila alfajiri, naapa. Akatikisa kichwa.

"Usiguse. Nataka kujua chumba kilivyo kweli. Ishi kama unavyoishi. Nitakapotaka lifunguliwe, nitakwambia."

Siku hizi hupiga simu mara moja kwa wiki. "Shikamoo, Mjomba." Marahaba. "Dirisha limefungwa?" Limefungwa. "Ahsante." Hanitanii. Shikamoo hiyo safi, iliyopigwa pasi, ndiyo inayonitesa, afadhali angenitukana.

Na usingizi wenyewe umenihama. Naamka kabla ya adhana bila kuamshwa, naswali, kisha nakaa ukingoni mwa kitanda gizani, mikono inaniwasha kulifungua lile dirisha. Nje nawasikia wa feri wakipita, na mama jirani akipanga mahamri yake.

"Bwana Nyuklia! Jua hilo! Fungua basi, hata kwa haya!"

 Naikunja mikono kwapani, naivuta hewa yangu, nisije nikamharibia mpwa wangu kipimo tena.