Mzee Aliyekuja Mwenyewe Kituoni

Majuzi sisi polisi tulipelekwa semina hapa Thika, eti tufunzwe kuheshimu watu wa kila kabila na kila dini. Tukapewa chai, mandazi na daftari. Mwalimu akauliza ni nani kati yetu amewahi kumkosea raia kwa kutojua mila yake. Hakuna mkono ulioinuliwa, hata wangu, mnafiki mkubwa. Lakini mimi sikukosea kwa kutojua. Nilijua vizuri sana.

Wakati huo nilikuwa kwenye meza ya ripoti, kituo kidogo cha polisi huko Makongeni. Asubuhi moja akaingia fundi viatu, mzee Mkorino, wa lile kanisa la wafunga vilemba, kilemba kichwani cheupe pepepe. Alikuja mwenyewe, hakuburutwa na mtu. Siku mbili kabla, msichana wa shule alikuwa amedungwa kisu akinyang'anywa simu, na mkono wake wa kulia haukuwa na nguvu tena. Mtaa mzima uliona ukajifanya kipofu. Mzee peke yake ndiye aliyekubali kusema: alimwona mwenye kisu, na alijua mpaka mlango wa nyumba yake.

Kabla sijaandika neno, koplo wangu akatokea. "We mzee, hii ni ofisi ya serikali. Toa kofia!"

"Si kofia, afande," mzee akajibu kwa upole. "Ni ya ibada."

Kisha akanigeukia. Alinifahamu, kwa sababu alisali kanisa moja na mama yangu. Mimi nimelelewa nikimwona maitu, mama yangu huyo, akifunga kilemba kwa maombi kila alfajiri, na hata akiwa mgonjwa hoi, sijawahi kumwona akitoka nje kichwa wazi. "Mwelezee, mwanangu," mzee akasema.

Nilikuwa na miezi mitano kazini, na huyo koplo niliogopa hata kikohozi chake. Nikasema, "Mzee, toa tu tumalize."

Hakutoa. Koplo akampokonya kilemba, akakitupa mezani mbele yangu, na waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko. Ngai! Mzee akavua koti, akajifunika nalo kichwa, akachukua kitambaa chake akaenda zake. Hakurudi tena.

Jumapili nikaenda Mwihoko kwa maitu, nikamwomba amsihi mzee arudi kutoa ushahidi. Habari zilikuwa zimefika kabla yangu.

"Nimwambie nini?" akaniuliza, macho kwenye ungo wa maharagwe. "Kwamba aliyekaa hapo akitazama ni mtoto wangu?"

Nikajitetea, sijui hata nilisema nini. Mwacha mila ni mtumwa, na mimi nilikuwa mtumwa mwenye sare na mshahara. Hakunipa hata chai, na nilistahili.

Kijana tuliyemkamata kwa fununu aliachiliwa, maana hatukuwa na shahidi. Siku hiyo mama wa msichana akaja kituoni, mama wa Kikamba anayeshona nguo sokoni. Nilimchukia koplo, lakini nilijichukia mimi zaidi. Mama yule hakupiga kelele. Alitaka kujua jambo moja tu.

"Afande, watu wote wale, hakuna hata mmoja aliyekuja kusema?"

"Hakuna, mama," nikamjibu.

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa kujaribu.