Herufi Nyembamba za Dawa ya Kuchua

"Basi nijibu," dada mtu alisema, mkono wake bado uko kwenye mpini wa mashine ya kukatia karatasi. "Huyo mwandishi wa kitabu chako aliwahi kumpa mgonjwa kichupa akamwambia asome?"

Kaka yake alikuwa mpanga herufi wa kiwanda chao cha kuchapa. Alikuwa amekikumbatia kile kitabu cha mambo ya herufi kama mtoto mwenye homa. Ndicho kilichomfundisha kazi, na kilimnogea hata kikamharibu: akipita penye kibao cha herufi nene hufumba macho kama aliyefumania watu wakioga. Mtaani walisema hata mkewe alimposa kwa ajili ya meno, maana yamepangwa kwa nafasi sawasawa. Wakamwita Bwana Nafasi, naye akaitika.

Ndipo duka la dawa likaleta kazi ya lebo za dawa ya kuchua. Chini yalitakiwa maneno: ya kuchua tu, usinywe. Kitabu kinasema onyo linalopiga kelele halina adabu, msomaji mstaarabu hunong'onezwa. Bwana Nafasi akanong'ona. Aliyapanga kwa herufi nyembamba kama unywele, za kijivu, akaisoma lebo dirishani jua likiwaka, akaridhika. Mke wa seremala aliisoma kitandani, kikohozi kimembana. Akaona dawa, akanywa. Tangu juzi yuko hospitali, hajafumbua macho.

Na sasa lebo nyingine zilikuwa mashineni, zilezile, mwenye duka anazitaka leo.

Bwana Nafasi alijitetea kwamba yule mwandishi si mtu wa hivi hivi, maneno yake yamenukuliwa kila mahali. Dada yake akauliza yamenukuliwa na nani. Alikuwa ameshinda anakipekua kitabu chenyewe. Kila penye "imethibitika" palitajwa kitabu kingine, na hicho kingine kakiandika yuleyule. Anajiuliza, anajijibu, anajipigia makofi. Kwenye nafasi za mistari, dada alikubali, jamaa ana jicho, na kadi za harusi zilitoka zinapendeza.

"Lakini kupenda ni kupenda, kaka. Kapenda herufi nyembamba, kaziita sheria. Ni wapi kasema aliwakalisha watu, wazima na wagonjwa, akaangalia nani kaona na nani hakuona?"

"Kwa hiyo kanidanganya?"

"Yeye kasema la moyoni mwake. Wewe ndiye uliyelibandika kwenye kichupa."

Bwana Nafasi alikiweka kitabu chini. Akaivuta droo ya herufi nene. Ilikuwa imekwama kwa kukaa bila kufunguliwa. Akaitia goti, akavuta tena, ikatoka na vumbi lake. Akamgeukia dada yake amwambie jambo.

Mlango ukasukumwa. Seremala aliingia na vumbi la mbao kichwani, akaiweka picha ya mkewe mezani, katikati ya lebo, akauliza tangazo la mazishi linaweza kuwa tayari saa ngapi.