Falonne na Barua ya Kuachiliwa

Binti yangu Falonne leo anacheza dansi ya barafu kwa jina la Poland. Watu wa kanisani hapa Troyeville, Johannesburg, wananipongeza, nami naitikia, lakini hawajui alivyotoka hapa. Nitasema ilivyokuwa, hata sehemu yangu ambayo si nzuri.

Barafu aliijua kwa sababu ya baba yake. Lambert ni mlinzi wa duka kubwa kule Randburg lenye uwanja wa barafu ndani, na mtoto akitoka shule alikuwa akimsubiri pale. Akiwa na miaka saba, mwalimu mmoja alimwazima viatu vya kuteleza vilivyomzidi saizi mbili. Mimi sikupenda. Baridi ile, chuma kikali miguuni, na akina mama waliokaa na blanketi wakinitazama kama niliyekuja kufagia. Walipojua nashona, ndipo wakanisalimia. Nguo ya barafu haitaki mchezo: ushanga mmoja ukianguka uwanjani, mchezaji anakatwa alama. Zangu hazikuanguka.

Alipofika miaka kumi na mitatu klabu ya uwanja ule ilimpa mwenzake wa kucheza naye, Ruan, mtoto wa Annelie. Huyo Annelie ndiye katibu wa klabu. Wavulana wa mchezo ule ni wachache, kwa hiyo mama wa mvulana hujiona malkia. Falonne akichelewa hatua, kosa la Falonne. Ruan akijikwaa, kosa la Falonne. Walishinda hapa mara mbili, wakaenda Ulaya mara moja kwa jina la Afrika Kusini, wakashika nafasi ya tatu kutoka mwisho. Waliporudi, Annelie alisema mbele yangu, "Na msichana wa hapa tungefanya vizuri zaidi." Falonne amezaliwa Johannesburg hii hii.

Mwaka uliofuata Ruan alipewa msichana mwingine. Falonne akabaki anazunguka peke yake asubuhi na mapema, hadi kocha mmoja wa Poland alipoona video zake. Alikuwa na kijana asiye na mwenzake. Lakini aliyewahi kuchezea nchi moja hawezi kuchezea nyingine mpaka aachiliwe kwa barua, kisha akae mwaka mzima bila kushindana. Na chama cha taifa hakimwachilii mtu bila barua ya katibu wa klabu yake, tena kabla ya mwisho wa mwezi.

Mimi nilitoka Bukavu kwa miguu. Najua kubadili nchi. Tena karatasi za Falonne ni za mkimbizi kama zetu, ingawa alizaliwa hapa; kwa safari ya siku chache alirudi nazo, lakini akikaa huko hadi ziishe muda, nani atamfungulia mlango wa kurudi? Sikulala. Nikajifanya nakwenda kupima magauni ya klabu niliyokuwa nashona, nikamwambia Annelie, "Usiiandike."

Akatabasamu. "Kumbe tunaweza kuelewana, Mama."

Wiki mbili zilipita. Falonne alipoidai barua uwanjani, Annelie akamjibu mbele ya watu wote, "Muulize mama yako. Yeye ndiye aliyeniomba."

Aliingia nyumbani na viatu vyake begani, akanisemesha kwa Kiingereza, kama kawaida yake akiwa na hasira.

"Mama yangu mwenyewe! Na yule mwanamke!"

"Niliogopa, binti yangu."

"Wewe ulipotoka Bukavu, ulimwomba nani ruhusa?"

"Nilikimbia vita."

"Na mimi nawakimbia hawa. Sasa na wewe umo."

Lambert akavua kofia ya kazi. "Eish, Mama Falonne. Umemshika mkono mtu ambaye mimi namfungulia lango kila siku na hajawahi kuniambia asante."

Nilikuwa na magauni kumi na moja ya onyesho la klabu la Jumamosi, yamekamilika, yananing'inia chumbani kwangu. Nilipaswa kuyapeleka Jumatano. Sikuyapeleka. Alhamisi Annelie akaja Troyeville, mara ya kwanza kabisa, akasimama mlangoni ameukumbatia mkoba wake.

"Magauni yako wapi?"

"Barua iko wapi?"

"Unanitisha?"

"Ndiyo."

"Nitaita polisi."

"Waite. Waambie wavunje mlango wa fundi wakutafutie magauni ya barafu."

Akanitazama juu hadi chini. "Juzijuzi uliniomba nisiandike, leo unanilazimisha. Wewe ni mama wa namna gani?"

"Wa namna hii. Keti uandike."

Akaandikia juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, akatoa muhuri wa klabu mkobani, akagonga. Mimi Kiingereza cha barua sikiwezi, nikamwita Falonne asome kila mstari. Alifika chini akasimama.

"Hapa umeandika niachiliwe mwaka ujao, si sasa. Hii haifai kitu."

"Nimepitiwa," akasema Annelie.

"Andika nyingine," nikasema, "na usipitiwe."

Aliandika nyingine. Akabeba magauni yake kwa mikono miwili, na tangu siku ile hakuna mama wa klabu aliyeniletea hata pindo la kushona.

Nilidhani Falonne atanikumbatia. Aliitia barua kwenye mfuko wa plastiki, akaniambia kwa Kiswahili, taratibu, ili nisikose hata neno, "Asante kwa barua. Lakini ulikwenda kwake. Hilo sijalisahau."

Aliondoka Aprili. Alikaa mwaka wake bila kushindana, sasa ni msimu wa tatu, na nafasi yake ya juu kabisa ni ya kumi na saba. Kurudi hawezi, karatasi zimekwisha muda, kama nilivyohofia. Sijamwambia mtu kwamba nilihofia sawasawa. Kungekuwa na faida gani?

Jumapili humpigia simu baba yake. Mimi huwa nimekaa upande wa pili wa meza. Lambert humuuliza, "Nikupe Mama?" Kwenye simu nasikia, "Msalimie."

Nami naitikia kwa sauti ya kutosha, asikie.