Sangala ya Mama Mukwe

Bandugu wa Fizi, mukaye munisikilize, na mwenye anataka kucheka aende acheke kwake. Mi nilishuka mpaka Baraka, ku ziwa, na hasira, nikapanda na hasira. Sababu njo mama mukwe wangu, muntu wa Lweba, nako ni ku ziwa. Alikuja kuangalia mutoto mwenye bibi yangu amezaa. Munajua, mukwe na mama mukwe hawasemeshane macho kwa macho. Basi yee anasemesha mutoto, mi nasikia nyuma ya ukuta:

“Mutoto, ambia baba yako, hapa mulimani ananilisha majani tu. Jumapili, siku ya Mungu, ikipita bila samaki ya sangala mubichi, nabeba mama yako na weye, tunaenda Lweba.”

Majani! Sombe ya bibi yangu, ile mboga ya majani ya muhogo, ata maiti inaweza kuamuka iombe sahani.

Njiani, ijumaa asubui, nilipanda moto, ile pikipiki. Barabara ile iko na mashimo, mu moja tulikuta muhogo umeshakomaa. Kufika chini, mifupa yangu ilikuwa imebadilishana nafasi.

Baraka, kando ya ziwa. Shemeji Amisi, mwenye alioa dada yangu, akanipa uzi, ndoano na ndagala, dagaa ya kuweka ku ndoano. Akasema samaki kubwa inakaa mbali, mu maji mingi. Jua ilikuwa kali. Nikaingia mpaka kifua, nikatupa ile uzi na jiwe yake, ikabakia kidogo ifike Ubwari, ngambo ya maji. Hakuna kitu. Nikatupa karibu kidogo, pale maji inageuka rangi. Hapo tusamaki tukakula ndagala yangu, tukaniachia ndoano safi sawa kijiko. Mpaka jioni. Amisi yee amekaa ku muchanga, anatafuna muhogo, ananifundisha.

Jumamosi, kunaanza kupambazuka, mi niko tena mu maji mpaka kifua. Bamama bakakuja kuosha sahani, makelele sawa sokoni. Nikabagombeza, nikasema banakimbiza samaki, bataniachisha bibi. Mama Asha, jirani ya Amisi, akanijibu bila kuacha sufuria yake:

“Papa, geuka. Samaki iko nyuma yako.”

Nikageuka. Pale maji inafika kwa magoti, ndagala zilikuwa zinaruka, kivuli kubwa inazifukuza. Mama Asha akanieleza kama asubui sangala inafuata ndagala kandokando. Jua ikiwaka inashuka chini sana, kule ata uzi yangu haifike. Kumbe nilikuwa naruka samaki ju niende kutafuta samaki! Na Amisi alizaliwa hapo, anaoga hapo, hakuniambia.

Basi nikapa ziwa mugongo, nikatupa uzi kuelekea inchi kavu. Bamama bakacheka mpaka sufuria moja ikaenda na maji. Sangala ikameza. Ilikuwa na nguvu ya ng'ombe mbili, ikanikokota mpaka mu masahani ya Mama Asha. Amisi akatangazia bantu kama yee njo alinifundisha.

Fizi, magaribi. Njo nilichojifunza: mbele ya kutupa uzi mbali, angalia miguu yako kwanza. Bibi yangu akapika na mawese. Mama mukwe akakula nyama, akakula kichwa, akanyonya mifupa. Mi nyuma ya ukuta, nangojea nijue kama bibi yangu anabakia ao anaenda. Mama mukwe akapangusa kinywa, akabeba mutoto:

“Mutoto, ambia baba yako, Lweba mi sirudie tena.”