Lenzi machoni, na mimi nimekwama kwenye bomba la kuteleza

Jamani, leo nimekwama katikati ya bomba la kuteleza, bwawani hapa Karatu!

Nilisahau kuvua lenzi za macho. Nikaziba macho kwa mikono yote miwili maji yasiingie. Sasa utajisukumaje?

Maji yananijaa mgongoni. Mara Neema, binti yangu wa miaka sita, akanigonga kwa nyuma.

"Mama, sogea!"

"Nikitoa mikono lenzi zitachukuliwa na maji, mwanangu. Nitakurudishaje nyumbani Mbulumbulu sioni?"

Kisha vikono vyake vikanifunika macho.

"Haya, sukuma."

Tukatoka!

Sasa anataka tena. Nimekataa katakata mpaka nivue lenzi, na nikivua sioni njia.

"Vua tu mama, nitakushika mkono."

Hebu niambieni, huyu namkataliaje?