Chumvi ya Vipepeo

Baba yangu, Byarugaba, aliamini kwamba vipepeo wa kijitoni walikuwa wa ng'ombe wake. Mtu mbishi kuliko yeye sijamwona katika kijiji chetu chote cha Chonyonyo, na mimi, Yudesi, ni bintiye, nimerithi kiasi.

Sababu alikuwa nayo. Alipokoroga chumvi ya ng'ombe iliyotoka ziwa Katwe katika hori la udongo kando ya kijito, maji yalimwagika na tope likakolea chumvi. Jua likipanda, vipepeo walishuka kutoka kichakani kuja kulinyonya, wa manjano kwa mamia, na wachache wa buluu wenye mikia. Ng'ombe akipiga kwato waliruka wote kwa pamoja, na mama yangu, Kyarimpa, aliyekuwa anateka maji hapo, alisimama katikati yao akicheka. Kitu kizuri kuliko hicho sijakiona.

Mwaka 1951 mbung'o walituulia ng'ombe tisa kati ya kumi na wanne. Ikatoka amri vichaka vya kando ya kijito vifyekwe, maana ndimo mbung'o walimokaa. Wakati huo mama alikuwa mgonjwa wa kitandani, hawezi tena kufika kijitoni. Baba akaketi karibu naye.

"Mama Yudesi, kesho tunafyeka. Lakini vipepeo wako watakuja tu. Wanafuata chumvi yangu, hawafuati miti. Tukimaliza nitakubeba ukawaone."

"Haya, baba Yudesi," mama alijibu.

Walifyeka wiki mbili. Miezi ikapita, mbung'o wakatoweka, maziwa yakarudi. Asubuhi moja baba na mdogo wake, Kahigi, walimbeba mama kwa machela mpaka kwenye hori. Baba alikuwa amelimwagia tope chumvi maradufu. Jua likapanda, hakuja hata kipepeo mmoja. Akaongeza chumvi. Nilitamani agombe, alaumu mtu, lakini alisimama tu na kata mkononi, na mimi nikaona uchungu ambao sijui kuueleza.

"Usihangaike," mama akamwambia. "Wale viwavi niliokuwa nawakuta nikiokota kuni ndio watoto wao. Walikula majani ya miti ile."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukunizuia?"

"Watoto walihitaji maziwa."

Mama alifariki kabla ya mvua za vuli. Baada ya hapo, kila asubuhi kwa miaka saba, baba alimwaga chumvi topeni kwanza, kisha akasimama na fimbo kuwazuia ng'ombe ukingoni mpaka jua lipande. Walilia kwa kiu. Nilimkasirikia sana, na siku moja nikamfuata.

"Baba, kwa nini huwaachi wanywe?"

"Watalikanyaga tope," alinijibu, bila kuliondolea macho.

Nikaokota fimbo, nikasimama upande wa pili kumsaidia kuwazuia.