Misumari Saba Mdomoni

Fundi viatu mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Misumari, kila alipopigilia kisigino alitia misumari saba mdomoni. Si sita, si nane. Ulimi ulimletea mmoja mmoja, kichwa kikitangulia, umelowa mate. Na msumari uliolowa hushika kutu humo ndani ya ngozi, hauchomoki tena. Alifundishwa hivyo na baba yake. Siku hizi viatu hupakwa gundi, mvua mbili tu soli imeachama, na watu wanayaita hayo maendeleo.

Kisha akaota uvimbe shingoni, akapigwa mionzi. Uvimbe ukaisha, na mate nayo yakaisha. Mdomo ukakauka kama kigae, misumari ikawa inamganda ulimini.

Daktari akamwandikia vidonge vya kuleta mate.

"Kimoja kimoja, mara tatu kwa siku. Vitakutoa jasho, na macho yanaweza kuingia ukungu. Usizidishe. Na hiyo misumari, mzee wangu, iweke kwenye kopo."

"Kopo lina ulimi?" fundi akauliza.

Wiki ya kwanza mate yalikuja kwa kuibia. Jumamosi asubuhi akaletewa buti za ngozi hasa, kazi aliyoisahau miaka mingi. Hakutaka kuiharibu. Akameza vidonge vitatu kwa mpigo.

"Baba watoto, umemeza vingapi?" mkewe akauliza kutoka mlangoni.

"Vya kutosha kazi."

"Hicho kichwa chako ndicho cha kupigiliwa misumari."

Akacheka, akangoja. Mate yalipoanza kuchuruzika akafurahi kama mtoto, akatia saba mdomoni. Wa kwanza ukaingia sawasawa, wa pili, wa tatu. Jasho likamjaa machoni, buti ikageuka wingu. Mate yakafurika hadi kooni. Akapaliwa, akakohoa, akavuta pumzi kwa nguvu, akaendelea kupiga.

Alipomaliza akapapasa kisigino kwa kidole gumba. Sita. Akapapasa tena. Sita. Akapitisha ulimi kila pembe ya mdomo: mate matupu. Akainama sakafuni, akakung'uta aproni. Hakuna kilicholia.

"Umepoteza nini, baba watoto?"

Alitaka kumjibu. Pumzi ilipoingia, kitu kikapiga filimbi nyembamba ndani ya kifua chake.